Maswali ya Wasomaji: Chokoleti ya Pasaka kwa Mikono ya Watoto

SWALI: Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka sita na wa kiume ana miaka mitatu. Pasaka iliyopita niliwaahidi kwamba tungetengeneza mayai ya chokoleti nyumbani, nikanunua chokoleti nzuri na kalibu za plastiki zenye umbo la yai. Chokoleti ya kwanza ilinigeukia ghafla nikiwa ninakoroga, ikawa bonge gumu kama udongo wa mfinyanzi. Ya pili iliyeyuka vizuri nikaimimina, lakini asubuhi mayai yalikuwa na mabaka meupe, na yalipotoka kwenye friji yalianza kutoka jasho, yakalainika mikononi mwa watoto kabla hatujaondoka kwenda kanisani. Mdogo alilia sana. Nilikosea wapi? Na je, kuna kitu ambacho wao wenyewe wanaweza kukitengeneza, badala ya kusimama pembeni wakinitazama? — Mama wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Mama, pole kwa machozi ya mwanao na kwa fedha iliyopotea. Nikuondolee kwanza wasiwasi: mambo yote yaliyokupata yana sababu inayoeleweka, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe.

Tuanze na lile bonge. Chokoleti ni chembe ndogo mno za kakao na sukari zilizotawanyika ndani ya mafuta ya kakao yenyewe, ambayo huitwa siagi ya kakao, na ndani yake karibu hamna maji kabisa. Tone moja la maji likidondokea humo, sukari hulowa, chembe hushikana, na mchanganyiko wote hukaza. Tone hilo huweza kutoka kwenye bakuli lililofutwa haraka haraka, kwenye mwiko wa mbao uliooshwa asubuhi, au kwenye mvuke unaopanda kutoka sufuria ya chini. Kwa hiyo vyombo vyote viwe vikavu kabisa, bakuli likae juu ya sufuria bila kugusa maji yaliyomo, na maji yakishachemka uzime moto, kwa kuwa joto lililobaki linatosha kuyeyusha gramu 200 za chokoleti iliyokatwakatwa. Bonge likitokea tena, usilitupe. Ongeza maziwa ya moto, kijiko kimoja baada ya kingine, huku ukikoroga kwa nguvu, nalo litalegea na kuwa rojo laini. Rojo hilo halitaganda tena kuwa yai, lakini ni zuri sana likimwagiwa juu ya ndizi mbivu.

Yale mabaka meupe si kuvu na hayana madhara. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna kadhaa, na ile iliyo imara, inayong'aa na kukatika kwa mlio, hupatikana pale tu chokoleti inapopozwa kwa utaratibu. Chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au 50 za Selsiasi, hupozwa, kisha hutumiwa ikiwa kwenye nyuzi 31 au 32, na ile ya maziwa huwa chini ya hapo kidogo. Sasa fikiria jiko la Dar es Salaam mchana wa Aprili, ambapo hewa yenyewe huweza kufika nyuzi 31. Chokoleti haiwezi kuganda juu ya meza ya namna hiyo, na ikiganda kwa friji, mkono wa mtoto una joto la kutosha kuilainisha, maana siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Isitoshe, Pasaka hutukuta wakati wa masika. Hewa yenye unyevu mwingi ikigusa chokoleti baridi huacha maji juu yake, na hilo ndilo jasho uliloliona. Maji hayo huyeyusha sukari ya juu, nayo ikikauka huacha punje nyeupe.

Ndiyo maana, kwa mwaka huu, ningekushauri uweke kando kalibu za plastiki. Yai lenye uwazi ndani ni kazi ya mtu mzima mwenye kipimajoto na chumba chenye ubaridi, na ndani ya kazi hiyo mtoto hana pa kuingia. Tengenezeni viota. Kiota hakihitaji kung'aa, kinatakiwa kikwaruze kidogo kama kiota cha kweli, na karibu hatua zake zote zinafaa kwa vidole vidogo.

Kwa viota 12 utahitaji chokoleti gramu 200, siagi gramu 50, asali vijiko vikubwa viwili, na konfleksi gramu 100. Ukipenda, punguza konfleksi kidogo na mahali pake uweke nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu hadi iwe na rangi ya dhahabu, nayo huonekana kama nyasi. Siagi iliyoongezwa hukifanya kiota kiwe laini kutafuna hata kikitoka kwenye friji. Soma pia maelezo ya pakiti. Chokoleti iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao haihitaji utaratibu ule wa nyuzi joto, nayo kwa kawaida huvumilia joto vizuri zaidi. Ladha yake ni hafifu, lakini kwa kazi ya watoto siioni kuwa dhambi.

Mayai ya kuweka kiotani yatengenezwe siku moja kabla, bila moto wowote. Chukua maziwa ya unga gramu 150 na uyakande pamoja na maziwa mazito yenye sukari, ukiyaongeza kidogo kidogo hadi upate donge lisilonata. Ligawe mara tatu: sehemu moja iache nyeupe, ya pili itie tone la maji ya bitiruti, ya tatu ncha ya kijiko cha bizari ya manjano. Hapa mkabidhi kazi mwanao mdogo wa miaka mitatu, mikono yake ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Atafinyanga kwa viganja viwili, ulimi ukiwa nje kidogo kwa umakini, na yai lake litatoka limepinda upande mmoja na lina alama ya kidole gumba. Usilirekebishe. Mtoto hulitambua yai lake hata likiwa katikati ya mengine thelathini, na ukilinyoosha ataona mara moja kwamba si lake tena.

Siku ya viota, anzeni asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Wa miaka sita apime kwenye mizani na kukata chokoleti kwa mikono, mdogo apange karatasi za keki kwenye vibati, jambo ambalo litamchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo mwache. Kuyeyusha ni kazi yako peke yako. Kinachounguza zaidi hapa ni mvuke na maji yaliyo chini, wala si chokoleti, na hayo yote yabaki jikoni. Bakuli lilete mezani likiwa la vuguvugu tu, kisha mtoto mkubwa amimine konfleksi na kukoroga polepole ili zisivunjike. Chota kijiko kwenye kila karatasi, nao wabonyeze katikati kwa kidole kufanya shimo na kuweka mayai matatu. Weka kwenye friji kwa nusu saa, halafu vihamishie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Ukikitoa chombo hicho, subiri dakika kumi kabla ya kukifungua, ili jasho litoke nje ya kifuniko badala ya kutoka juu ya viota.

Kama bado moyo unataka yai la chokoleti, kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote. Toboa mayai ya kuku upande wa juu, tundu lenye ukubwa wa sarafu, yamwage yaliyomo kwa ajili ya mapishi mengine, osha maganda, yachemshe kwa dakika kumi na uyaache yakauke usiku kucha yakiwa yameinamishwa kwenye trei yake. Pasha moto krimu mililita 100, imwagie juu ya chokoleti gramu 200 iliyokatwakatwa, koroga hadi iwe laini, kisha ijaze kwenye maganda. Hutosha mayai matano hivi. Asubuhi ya Pasaka mpe kila mtoto yai lake katika kikombe kidogo, pamoja na kijiko. Atagonga juu akitarajia kiini cha manjano, kisha atakuta chokoleti. Kabla hajachota, hakikisha wewe mwenyewe kwamba hakuna kipande cha ganda kilichoangukia ndani.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu wanne na shamba letu la kakao liko hapa Kyela. Kila mwaka tunauza mbegu zilizokwisha kukaushwa, na wajukuu wangu hawajawahi kuona zinavyokuwa chokoleti. Je, ninaweza kuwatengenezea kitu cha Pasaka kwa mbegu zetu wenyewe? — Bibi wa Kyela

JIBU: Shikamoo Bibi. Barua yako imenifurahisha kuliko zote za mwezi huu, kwa sababu inaniuma kuona watoto wanaokua chini ya miti ya kakao wakiijua chokoleti kwa kuiona dukani tu.

Inawezekana, nawe umekwisha kumaliza sehemu ngumu. Ladha ya chokoleti huanzia katika zile siku tano au sita za kuvundika mbegu kabla ya kuzianika, na mbegu isiyovundikwa vizuri hubaki chungu na kali hata ukiikaanga vipi. Chukua mbegu zilizovundikwa na kukauka vizuri, kilo moja inatosha, kisha zikaange kwenye kikaango kizito kwa moto mdogo, ukizigeuza bila kuacha, kwa dakika 20 hadi 25. Zitaanza kupasuka maganda, na harufu ya siki itaondoka, ije ile ya chokoleti. Wajukuu wasitafune mbegu kabla ya kukaangwa, kwa maana zimekaa kwenye uvundo na juani, na kukaanga ndiko kunakoua vijidudu.

Zikipoa kidogo, waite. Kumenya mbegu za kakao zilizokaangwa ni kazi waliyoumbiwa watoto: ganda hubonyea kati ya vidole, likavunjika, na kiini cheusi kikadondoka. Mnaweza pia kuzivunja na kuzipepeta kwa ungo, maganda yakapeperuka kama pumba. Kisha twanga kwenye kinu kikavu. Kwa muda mrefu utaona unga tu, halafu unga huo utaanza kulowana bila kutiwa maji, kwa kuwa karibu nusu ya kiini cha kakao ni mafuta. Waonyeshe wajukuu hatua hiyo, wasiikose. Ongeza sukari kiasi kilekile cha kakao, endelea kutwanga, kisha mfinyange vipira na kuvigaragaza kwenye maziwa ya unga.

Havitakuwa laini kama vya kiwandani, kwa sababu mashine husaga kakao kwa saa nyingi hadi ulimi usihisi chembe. Usione haya kwa hilo. Katika mji wa Modica, kisiwani Sicilia nchini Italia, chokoleti yenye punje za sukari zinazosikika mdomoni ndiyo fahari ya mji. Ukipenda kuchanganya kakao hiyo kwenye kashata, watoto wakae mbali kabisa mpaka ipoe, maana shira ya sukari huwa na moto kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania ngozi.

SWALI: Watoto wangu wananiuliza mayai na sungura vina uhusiano gani na kufufuka kwa Yesu, nami sina jibu. — Baba, Nairobi

JIBU: Waambie ukweli, Baba, nao wataupenda. Katika Kanisa la Magharibi la zamani, waumini walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakuacha kutaga. Pasaka ilipofika mayai yalikuwa mengi, yakachemshwa, yakapakwa rangi na kuliwa kwa shangwe. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo, na wengi huliona ganda kama kaburi lililofungwa, linalopasuliwa siku ya ufufuko. Sungura ni desturi ya Wajerumani iliyosafiri na wahamiaji, haimo katika Maandiko, na huna deni la kuitetea. Yai la chokoleti ni geni zaidi: kampuni ya J. S. Fry & Sons ya Bristol, Uingereza, ilitoa la kwake mwaka 1873, na Cadbury ikafuata mwaka 1875. Hadithi ya ganda na kaburi ningeisimulia mezani, wakati wanapofinyanga, kwa kuwa mtoto husikiliza vizuri akiwa na kitu mikononi.

SWALI: Je, viota hivi vinamfaa mtoto wa miezi kumi, na vipi kuhusu karanga? — Shangazi, Mombasa

JIBU: Shangazi, huyo wa miezi kumi asipewe. Asali ni hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, na chokoleti na sukari havina haraka kwake. Karanga na korosho nzima wasipewe walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa huweza kuwakaba, na yale mayai ya maziwa yavunje vipande vidogo kwa wa miaka miwili au mitatu. Watoto wa jirani wakialikwa, waulize wazazi wao kwanza kama kuna anayedhurika na karanga au maziwa. Na kama mna mbwa nyumbani, makombo yafagiliwe upesi, kwani kakao ni sumu kwake.