Mpe chaki, kisha ukae: barua kwa mwanangu aliyeko Pune, India

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi hapa sijambo, baba yako hajambo ila goti lake ni lile lile, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ni kwa kukukumbuka tu. Mara mbili zilizofuata ni kwa ajili ya swali lako.

Unasema chuo kimekukabidhi wasichana kumi wa mwaka wa kwanza uwe mlezi wao, mkutane kila Jumamosi, uwajenge wajiamini. Hii ni wiki ya nne. Wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai, na ukiwauliza jambo wanatazama chini. Umewaonyesha video za wanawake waliofanikiwa, umewapa zoezi la kujisifu mbele ya kioo, wamekutii kama watoto wa chekechea, kisha kimya. Ndipo ukaniuliza: "Mama, hivi kujiamini kunafundishika? Na mimi mgeni, mtu wa Tanga, nitampa nini msichana wa jimbo hili la Maharashtra?"

Nimekaa na swali hilo siku tano. Nakujibu si kwa sababu najua mengi, ila hapo ulipo nami nilipita.

Kwanza, wasichana wako sidhani kama wamepungukiwa na ujasiri. Binti aliyetoka kijijini, wa kwanza kwao kufika chuo, aliyemshawishi baba, kisha baba mkubwa, kisha bibi, akapanda basi na sanduku lake la bati kwenda mji ambako hamjui mtu, huyo ujasiri anao kuliko mimi na wewe. Ila umefungiwa ndani. Kazi yako ni kujua mlango uko wapi.

Nilifika Pune mwaka 1985 kusoma hisabati. Wakati huo chuo kikuu kiliitwa cha Poona. Jina la Savitribai Phule, mwalimu wa wasichana wa zamani, kilipewa mwaka 2014, wewe ukiwa sekondari. Bwenini tulilala wanne chumba kimoja. Wa kitanda kilichopakana na changu alitoka kijiji cha wilaya ya Satara, mtoto wa mkulima wa miwa. Daftari lake ndilo tulilolinakili sote usiku wa kuamkia mtihani. Darasani alikuwa bubu. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, naye amesoma kwa Kimarathi, lugha ya kwao, tangu darasa la kwanza hadi la kumi. Mwalimu akiuliza, ungeona midomo yake inacheza, jibu analo, halafu macho yanashuka kwenye pindo la dupatta yake, mtandio wa kule.

Hali hiyo wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa. Ulimaliza la saba kwa Kiswahili ukiwa wa tatu darasani, ukaingia kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza. Miezi sita hukunyoosha kidole. Kila siku ya Baiolojia ulikuwa unaumwa na kichwa, mpaka nikakupeleka hospitali kupimwa macho. Macho yalikuwa mazima.

Sasa sikiliza nilichokiona. Mwalimu wetu wa aljebra alikuwa mama wa makamo, sari ya pamba, miwani yenye uzi shingoni. Asubuhi moja aliandika swali ubaoni, akashuka, akaja moja kwa moja hadi kwa yule mwenzangu, akaweka chaki juu ya daftari lake. Hakusema neno. Akaenda kuketi benchi la nyuma, katikati ya wanafunzi, mikono juu ya meza kama sisi.

Tukangoja. Feni inalia juu. Mmoja akacheka, mwalimu akamgeukia mara moja tu na kicheko kikafa. Tulingoja kama muda wa rakaa mbili. Hatimaye binti akainuka. Akaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mgongo ametupa sisi. Mstari wa tatu alisahau alama ya kutoa. Wengi tuliona. Mwalimu aliona. Akamwacha aende mpaka mwisho, jibu likagoma. Ndipo akamwambia, kwa Kimarathi, "Punha sang." Sema tena. Binti akaanza kueleza tangu juu, kwa lugha yake, sauti ndogo, kidole kikifuata mistari. Alipofika wa tatu akanyamaza. Akafuta kwa kiganja, dasta ilikuwa pale pale, akaandika alama yake, na sauti iliyotoka baada ya hapo haikuwa ile ya mwanzo. Mimi Kimarathi sikukijua, lakini hisabati niliifuata yote.

Hakuambiwa kwamba yeye ni simba. Alipewa chaki, akangojwa, akaachwa akosee, akajirekebisha mwenyewe mbele ya watu na hakuna lililomfika. Wiki iliyofuata alikwenda ubaoni bila kuitwa. Huko kungoja ndiko nataka ukufikirie sana, mwanangu. Msichana wa namna ile maisha yake yote hajangojwa. Nyumbani ameulizwa swali na kaka amejibu. Shuleni ameulizwa na mwalimu, kabla hajameza mate, limepita kwa mwingine. Wewe Jumamosi ukiuliza, unangoja sekunde ngapi kabla hujajaza kimya kwa maneno yako? Nakujua, huwezi kukaa kimya. Umerithi kwangu.

Hilo nalo nina deni lake. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, shule moja ya wilayani, mtoto wa kidato cha kwanza alisimama kujibu akavuruga Kiingereza. Darasa likacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha kama yule mama wa Pune, nikatabasamu. Tabasamu dogo tu. Mtoto yule hakunyoosha kidole tena mpaka anamaliza kidato cha nne. Nilimwomba radhi akiwa kidato cha tatu, akasema "Hamna neno, mwalimu," na akaendelea kukaa kimya.

Ukipata nafasi nenda Bhidewada, jirani na hekalu la Dagdusheth. Jengo la zamani limebomolewa mwaka 2023 ili pajengwe kumbukumbu. Pale ndipo Savitribai na mumewe Jyotirao walipofungua shule ya wasichana mwaka 1848. Aliolewa akiwa mtoto hajui kusoma, mumewe akamfundisha. Akienda kazini watu walimrushia matope na kinyesi cha ng'ombe, akawa anabeba sari ya pili, akifika shuleni anabadilisha ndipo anaingia darasani. Sari hiyo kila mtu Pune atakusimulia. Mimi nataka uwatazame wawili walio pembeni yake.

Wa kwanza ni Fatima Sheikh. Baba mkwe alipowatoa Savitribai na mumewe nyumbani kwa ajili ya shule ile, jamaa zake Fatima, Waislamu, ndio waliowapokea, nyumbani kwa kaka yake, Usman Sheikh. Mwaka 1856 Savitribai akiwa mgonjwa kijijini kwao alikozaliwa alimwandikia mumewe barua, na ndani yake anamfikiria Fatima aliyebaki na mzigo wa kazi. Kwa hiyo hata shujaa yule hakusimama peke yake. Alikuwa na mwenzake wa kumshikia darasa siku anaumwa. Wewe una nani? Mtafute dada mmoja wa hapo hapo, mwenye Kimarathi, mlee pamoja. Peke yako utachoka kabla ya mvua za Juni.

Wa pili ni mwanafunzi, Mukta Salve, wa jamii ya Mang waliokuwa wakihesabiwa najisi. Mwaka 1855, akiwa na miaka kama 14 na amesoma miaka michache tu, aliandika insha juu ya mateso ya Wamang na Wamahar, ikachapwa katika gazeti la Dnyanodaya. Anasema wazi: ikiwa Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu, ni za Wabrahmani wa tabaka la juu peke yao, basi sisi ni watu tusio na kitabu. Miaka kumi na minne! Katika shule ile aliulizwa anaona nini, na alipoona, akaachwa aandike. Huenda kati ya kumi wako wamo wanaotoka jamii kama yake. Hawatakwambia, nawe usiwaulize mbele ya wenzao. Tazama tu nani hukaa karibu na mlango, nani hagusi birika mpaka wengine wamimine. Huyo mpe birika yeye akuhudumieni chai kwanza, kisha wewe uinywe mbele ya wote.

Kuhusu video zako. Si mbaya, ila mwanamke aliye kwenye skrini yuko mbali. Sheria ya India ya 1993 ilitenga theluthi ya viti vya uongozi wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na vijiji vinavyopata mwenyekiti mwanamke hupangwa kwa zamu. Watafiti walikwenda vijiji 495 vya West Bengal na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Mahali palipoongozwa na mwanamke vipindi viwili, wazazi walianza kuwatakia mabinti makubwa zaidi, pengo na yale wanayowatakia wavulana likapungua kwa robo, na tofauti ya masomo kati ya wavulana na wasichana ikafutika. Wasichana wale hakuna aliyewahutubia kujiamini. Walimwona mama wa kijiji chao, anayeteka maji kisima kile kile, akiketi kwenye kiti na watu wakimsikiliza. Kwa hiyo waletee mtu anayefanana nao: karani wa benki aliyesoma shule ya Kimarathi, dereva wa basi, muuguzi. Aje na nguo zake za kazi, aeleze mshahara wa kwanza aliutumia vipi.

Kule Bihar serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa fedha za kununulia baiskeli wasichana wanaoingia darasa la tisa, na walioandikishwa wakaongezeka, hasa vijiji vilivyo mbali na shule. Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa baiskeli inamfanyia nini msichana. Nilikushikia kiti mtaa mzima wa Ngamiani, na siku niliyoachia hukujua nimeachia.

Sasa jambo gumu. Umesema wanakuita "Tai", dada mkubwa. Usilichukulie hilo kuwa adabu tu. Kwetu msichana alikuwa na somo, yule mama mlezi wa unyago, na somo hakumfunza mwari kisha akatoweka. Mama wa mwari alimjua, aliingia jikoni kwao, na siku ya mashaka ndiye aliyetumwa kusema na wazee. Wasichana wako wana baba, kaka na majirani wanaohesabu saa binti anaporudi. Uchunguzi wa afya ya familia wa India wa 2019 hadi 2021 ulikuta katika kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, kama 23 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18 ambayo sheria yao inataka. Nasi tusiwanyooshee kidole: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaagiza kifungu hicho kirekebishwe. Ninachokuomba ni hiki: usimfundishe binti wa watu kujibizana na baba yake, kisha wewe muda wako ukiisha ukapanda ndege. Yeye ndiye atakayebaki na baba. Wapigie simu mama zao mapema, kabla hujawa na shida ya kuwaeleza. Jitambulishe, uulize habari za mavuno. Mama akikujua, siku ya posa ya haraka haraka atakuwa na mtu wa kumpigia, naye mara nyingi hana anayempinga mumewe ila kwa kupitia mtu kama huyo.

Na hilo la kuwa mgeni, ambalo unaliona ni udhaifu wako. Jumamosi ijayo usiende na zoezi lolote. Nenda na daftari tupu na kalamu, uwaambie wakufundishe Kimarathi. Kila mmoja sentensi moja. Utaikosea, na mwache anayeikosoa aikosoe mpaka akinaike. Usijitetee, usibadili kwenda Kiingereza. Wacheke. Wamekaa wiki nne mbele ya Mwafrika anayesema Kiingereza chepesi kuliko chao, ana pasipoti na digrii, watazameje juu? Lakini herufi zao zile za ulimi kukunjwa nyuma utahangaika nazo, nami nilihangaika miaka mitatu. Hapo yule wa karibu na mlango ndiye mwalimu. Akishakusahihisha wewe, mlezi wake, mara tano, jibu la darasani halitakuwa mlima.

Unaweza kuniambia huko si kulea, ni mchezo. Jaribu Jumamosi tatu.

Baba yako anauliza kama maembe ya Ratnagiri yameshaingia sokoni, na nimwambie nini. Nguo ulizoagiza nitampa mtoto wa shangazi yako anayesafiri mwisho wa mwezi. Nimeongeza kanga mbili, moja ni ya yule dada utakayemtafuta mlee pamoja.

Sentensi ya kwanza watakayokufundisha irekodi, mmoja wao aitamke kisha wewe, unitumie. Mimi nimebaki na hiyo yangu moja tu, "Punha sang," na sijui kama bado naitamka sawasawa. Mwulize aliye karibu na mlango.

Wasalaam,
Mama yako