Maswali ya Wasomaji: Unene wa ukuta wa chumba cha tiba ya mionzi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi mwashi hapa Mwanga, Kigoma. Nilimsindikiza mama mdogo hadi hospitali ya rufaa ya kanda jijini Mwanza kwa tiba ya mionzi, na nilipokuwa nikimsubiri niliona kwamba chumba cha mashine kina njia inayokata kona kabla ya kufika ndani, pamoja na kuta nene ambazo katika kazi yangu sijawahi kujenga mfano wake. Kwa nini wasiweke bati la risasi (ile metali nzito) kama kwenye chumba cha eksirei? Unene huo hupatikanaje? Na huduma hii ikiletwa mkoani kwetu siku moja, je, matofali yetu ya kuchoma yatafaa?

JIBU: Ndugu fundi, tunamwombea mama mdogo nafuu, na tunakushukuru kwa swali ambalo limetoka kwa mtu anayejua kazi ya mikono.

Mionzi ya chumba cha eksirei ina nishati ndogo, na kwa nishati hiyo risasi huimeza kwa wepesi mno, hata milimita chache zikatosha. Mashine ya kutibu saratani hufanya kazi kwa megavolti (volti milioni) 6, 10 au zaidi, na hapo ubora wa pekee wa risasi hupungua sana, kwa kuwa kinachozuia mionzi ya nguvu hiyo ni hasa wingi wa maada iliyo njiani. Ili kuupunguza mwale wa megavolti 6 hadi sehemu moja ya kumi, zinahitajika takribani sentimita 6 za risasi au sentimita 37 za zege, na kila upunguzaji wa kumi unaofuata huhitaji sentimita 33 nyingine za zege. Zege lina bei nafuu, hujibeba lenyewe, na mafundi wake wapo kila mkoa. Risasi na chuma hutumika pale nafasi inapokuwa finyu.

Kuhusu unene, mtaalamu wa fizikia tiba haanzi na mashine. Huanza na mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Mtu wa kawaida asiye mfanyakazi wa mionzi hatakiwi kupokea zaidi ya milisiviti 1 (kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka kutokana na shughuli hizo, yaani kama 0.02 kwa wiki. Kisha huulizwa mashine itatoa kiasi gani kwa wiki, mwale utaelekezwa kwenye ukuta huo kwa sehemu gani ya muda, mtu huyo yuko umbali gani, na hukaa hapo kwa muda gani.

Tuchukue mfano. Mashine ya megavolti 6 inatoa grei 500 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi inayomezwa) kwa wiki zikipimwa mita 1 kutoka kwenye chanzo, robo ya muda mwale unaelekea ukuta fulani, na nyuma ya ukuta huo, mita 6 kutoka kwenye chanzo, kuna ofisi yenye mtu siku nzima ya kazi. Hesabu inasema ukuta upitishe si zaidi ya sehemu 6 hivi katika milioni moja, na zege la kufanya hivyo ni kama sentimita 177. Sasa iondoe ofisi uweke njia ya wapita kwa miguu, ambayo kwa desturi ya wataalamu huhesabiwa kuwa mtu yupo kwa sehemu moja ya arobaini ya muda: unene unashuka hadi sentimita 124. Zaidi ya nusu mita imepungua, na mashine ni ile ile.

Hapa ndipo ninapotaka wakubwa wa mipango wasome kwa makini. Katika miji yetu njia ya leo huwa genge kesho, na keshokutwa ni duka la dawa lenye muuzaji anayeketi na mgongo wake ukutani kuanzia asubuhi hadi jioni. Zege likishakauka, sentimita 53 zilizokosekana haziongezwi kwa urahisi. Kwa maoni yangu, kila upande ambao hospitali haiumiliki uhesabiwe kana kwamba una mtu muda wote, hata kama leo pana mwembe tu.

Mteremko wa Kigoma nao una neno lake. Mashine huzunguka mgonjwa, hivyo mwale huelekezwa kwenye kuta mbili, sakafuni na darini, na sehemu hizo ndizo hujengwa nene kuliko nyingine. Chumba kikichimbiwa ubavuni mwa kilima, udongo wa nyuma husaidia kuzuia mionzi, na hilo ni jema. Lakini nyumba zilizo juu ya kilima hicho hicho huenda zikawa usawa wa paa au juu yake, kwa hiyo paa haliwezi kupunguzwa kwa hoja kwamba hakuna anayeishi juu yake. Na hata hewa yenyewe hurudisha chini sehemu ya mionzi inayopenya paa jembamba.

Ile njia yenye kona uliyoiona ni sehemu ya kinga. Mionzi haikati kona kama mtu. Hugonga ukuta, hutawanyika, na kila inapogonga hudhoofika sana, hadi inapofika mlangoni mlango wa kawaida wenye risasi kidogo unaweza kutosha. Mashine ikizidi megavolti 10, nyutroni, yaani chembe ndogo zinazotoka ndani ya atomu, nazo huzalishwa, na mlango huongezewa poliethilini yenye boroni, ambayo ni plastiki ya kuzimeza.

Matofali ya kuchoma, kwa bahati mbaya, hayafai kwa kuta hizo. Ni mepesi kuliko zege, uzito wake hutofautiana tanuri kwa tanuri, na viungo vyake huacha upenyo. Hesabu niliyoifanya inategemea zege lenye kilo 2,350 kwa kila mita ya ujazo. Likitoka na kilo 2,200, ukuta wa sentimita 177 unapaswa kuwa 189. Kwa hiyo fundi ni mlinzi wa hesabu: kokoto zipimwe, zege limwagwe mfululizo bila kulala nusu, lisindiliwe hadi kusiwe na matundu, na ukuta mnene kiasi hicho uangaliwe joto lake usije ukapasuka. Mabomba ya nyaya na ya hewa yasipite kamwe kwenye ukuta unaopigwa na mwale, na yanapopita kwingine yapite kwa mshazari au chini ya sakafu. Michoro yenyewe hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kabla ya msingi kuchimbwa.

SWALI: Je, kuta hizo hubaki na mionzi baada ya mgonjwa kutoka? — Msomaji, Ipuli, Tabora.

JIBU: Kwa mashine ya umeme ya megavolti 6, hapana, ikizimwa, mionzi imekwisha papo hapo, na ukuta haukuhifadhi kitu. Kwa nguvu zinazozidi megavolti 10, baadhi ya vyuma vya mashine hubaki na mionzi hafifu kwa muda mfupi. Mashine ya kobalti-60, yaani metali inayotoa mionzi yenyewe, ni jambo jingine, kwa kuwa chanzo chake hutoa mionzi usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu katika miaka 5.27 hivi. Chanzo hicho kinapotumika hutolewa, kisha hurudishwa ndani ya kichwa kizito cha mashine. Ndiyo maana chumba chake huwekewa kipima mionzi ukutani chenye betri yake, ili hata umeme ukikatika wahudumu wajue kama chanzo kimerudi mahali pake kabla hawajaingia.