Chagua Mtutu Kabla ya Bunduki: Ushauri kwa Mwindaji Mpya wa Kulungu

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, ambaye amemaliza mafunzo ya uwindaji, amekata leseni yake ya kwanza na sasa anajiandaa kwa wiki ya bunduki, yaani wiki ya kuwinda kulungu kwa bunduki, ile inayoanza Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Nimeona picha ya yule dume uliyempata Coshocton. Na mimi nataka kuwinda kulungu mwaka huu. Jamaa kazini wananiambia ninunue geji 12 yenye nguvu kuliko zote dukani, maana geji 20 ni ya watoto. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu la mkato ni hili: chagua kwanza mtutu na risasi itakayopita ndani yake, kisha utafute bunduki inayoubeba mtutu huo, na geji 20 usiiogope (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu). Sababu zake nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa liliniachia bega lililovimba na fedha iliyopotea.

Anayewinda Ohio huanza na sheria, maana ndiyo inayoamua kitu gani kiingie mtutuni. Shotigani, yaani hizi bunduki zinazopimwa kwa geji, inaruhusiwa kwa kulungu ikiwa ni ya geji 10 au ndogo zaidi, nayo sharti ipige donge moja la risasi, ambalo wawindaji huliita slagi. Yale marisau yanayotawanyika, hata yawe makubwa kiasi gani, hayaruhusiwi. Bunduki isiwe na risasi zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2014 jimbo limekubali pia raifo, yaani bunduki za risasi nyembamba za masafa marefu, ila ni zile tu ambazo ganda la risasi yake limenyooka bila kubanwa shingoni. Majimbo ya New Jersey na Massachusetts hayaruhusu raifo kama hizo kwa kulungu. Hata kwetu Ohio, kwa mtu mwenye uwezo wa kununua bunduki moja tu, bado naona shotigani ni chaguo la busara, kwa sababu hiyohiyo, akiibadilisha mtutu, ataipeleka kwa bata wakati wa baridi na kwa bata mzinga majira ya kuchipua.

Sababu ya zamani ya majimbo haya kupendelea shotigani ni ardhi tambarare yenye mashamba na nyumba zilizotapakaa, ambako risasi ya raifo ikimkosa mnyama husafiri mbali mno. Slagi hupoteza kasi mapema. Hata hivyo mtu asijidanganye kwamba haina madhara ya mbali: iliyopigwa kwa mtutu ulioinuliwa inaweza kwenda zaidi ya nusu maili, na uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya bunge la Pennsylvania mwaka 2007 ulionyesha kwamba, ukihesabu na kudunda kwa risasi ardhini, shotigani haistahili kuchukuliwa kuwa salama kuliko raifo kila wakati. Kwa hiyo kabla hujafyatua, angalia kilicho nyuma ya mnyama.

Sasa nirudi kwenye mtutu. Geji ni kipimo cha kale: namba 12 maana yake ni kwamba tufe 12 za madini ya risasi zenye upana wa tundu la mtutu huo hufikisha uzito wa ratili moja, na namba 20 maana yake ni tufe 20, ndiyo maana namba ikikua tundu hupungua. Geji 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi, na geji 20 milimita 15.6. Tofauti hiyo, ambayo watu huibishania mpaka wakakosana, haina uzito kama swali la pili: je, ndani ya mtutu ni laini, au kuna mifereji inayozunguka kama nyuzi za skrubu?

Mtutu laini ulitengenezewa marisau. Wilhelm Brenneke wa Ujerumani alibuni slagi yake mwaka 1898, na Mmarekani Karl Foster akaja na ya kwake mwaka 1931, ambayo ni nzito mbele na ina uwazi nyuma, kwa hiyo hujinyoosha yenyewe ikiwa hewani bila kuhitaji kuzungushwa. Mistari iliyochongwa ubavuni mwake huwafanya wengi waamini kwamba inaizungusha. Kazi yake hasa ni kuiruhusu slagi ibonyee na kupita salama pale mdomo wa mtutu unapobanwa. Aina hii ni ya bei nafuu na inaua vizuri, ila ni ya karibu. Mimi sishauri mtu ampige nayo kulungu aliye mbali zaidi ya yadi 75, labda awe amethibitisha mwenyewe uwanjani kwamba bunduki yake inaweza.

Slagi ya saboti ni jambo lingine kabisa. Hapo risasi ni nyembamba kuliko tundu, imevikwa ganda la plastiki, na ganda hilo hushika mifereji ya mtutu, huizungusha risasi, kisha hupukutika likishatoka mdomoni. Risasi inayozunguka hushika njia yake, na mwindaji mwenye mkono mtulivu anaweza kufika yadi 150. Lakini uiweke saboti kwenye mtutu laini, hakuna kitakachoizungusha, nayo huyumba hewani ikaenda itakako. Na ukiirudisha ile slagi ya Foster kwenye mtutu wenye mifereji, risasi laini hujipaka ndani ya mifereji, na baada ya muda mfupi shabaha huharibika mpaka usafishe. Kila risasi ina mtutu wake, na anayekuuzia bunduki bila kukuuliza utatumia risasi gani hajakusaidia.

Mimi sikuulizwa. Niliingia katika duka moja kubwa, nikaeleza kwa Kiingereza changu kwamba nataka bunduki ya kulungu, na muuzaji akanipa geji 12 ya pampu, ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, yenye mtutu laini wa inchi 28, mtutu wa bata, wenye kishanga kidogo cha shaba mdomoni badala ya kilengeo. Nilipomwonyesha geji 20 iliyokuwa pembeni, alicheka akasema hiyo nimnunulie mwanangu, na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka pamoja naye. Kisha akanijazia maboksi ya saboti, akisema ndizo risasi bora kuliko zote. Maboksi hayo huwa na risasi tano tano, na bei ya risasi moja inatosha kununua chakula cha mchana. Kicheko kile sijakisahau hadi leo, na ndicho kinachonifanya nizungumze na vijana wetu kabla hawajafika dukani.

Uwanjani nililenga karatasi kwa yadi 50, na saboti zikatua kila upande: moja juu kulia, nyingine chini kushoto, nyingine nje ya karatasi kabisa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mkono wangu ndio mbaya. Sisi tuliokulia Tabora tukiwaona wazee wakirudi na magobori yao begani tuliamini kwamba kishindo kikubwa ndiyo nguvu, na kwamba bega likiuma ni dalili kuwa bunduki inafanya kazi, kwa hiyo nilivumilia. Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa meza ya jirani. Aliomba kuiona bunduki yangu ikiwa tupu, akachungulia mtutuni, akachukua boksi langu la saboti na kunisomea maandishi yaliyosema kwamba risasi hizo ni za mitutu yenye mifereji. Kisha akanipa slagi zake za Foster, na kwa yadi zilezile 50, kwa bunduki ileile, matundu yote yakakaa ndani ya upana wa kiganja.

Ndipo nilipoanza kujifunza kwa dhati. Uzuri wa bunduki za pampu kama Remington 870 na Mossberg 500 ni kwamba mtutu hufunguliwa kwa mkono: unalegeza kifuniko au skrubu iliyo mbele ya magazini, lile bomba la risasi chini ya mtutu, unauvuta mtutu, unaingiza mwingine, na kazi imekwisha. Mossberg huuza hata seti yenye mitutu miwili, mmoja laini, mrefu, kwa ndege na mwingine wenye mifereji wa inchi 24 kwa kulungu. Kwa kijana aliyeniandikia, akiwa na fedha ya bunduki moja, hiyo ndiyo seti ambayo ningemshauri aitazame kwanza, na ningemshauri aitafute katika geji 20 kabla ya 12. Ukinunua mtutu wa ziada peke yake, hakikisha ni wa modeli hiyo na geji hiyo, kwa sababu mitutu haiingiliani ovyo. Urefu usikusumbue. Slagi haihitaji mtutu mrefu, na inchi 22 au 24 hupita kirahisi vichakani.

Ukibaki na mtutu laini, angalia kile kibano cha mdomoni kinachofungwa na kufunguliwa. Chagua kilicho wazi kabisa au kilichobana kidogo tu, na slagi usiipitishe kamwe katika kibano kinachobana sana, kama kile cha bata mzinga, kwa kuwa unaweza kuharibu mtutu na kujiumiza.

Kuhusu darubini, wengi huifunga juu ya mwili wa bunduki. Kwa bunduki ambayo mtutu wake unatoka, hilo ni kosa, kwani mtutu hucheza kidogo ndani ya mwili, na darubini hubaki ikitazama mahali ambapo mtutu hautazami tena. Tafuta mtutu ambao umeungwa kipande cha chuma kinachorudi nyuma juu ya mwili wa bunduki, ufunge darubini juu ya kipande hicho, ili darubini na mtutu viende pamoja daima, hata ukiutoa na kuurudisha. Darubini yenyewe isiwe ya kukuza sana. Porini Ohio, kulungu wengi hutokea karibu, ghafla, kwenye mwanga hafifu.

Baadaye nilipata uwezo wa kununua bunduki maalumu kwa kulungu, nikachagua Savage 220, ambayo ni geji 20 ya bolti, yaani inayopakiwa kwa kuinua na kuvuta komeo kwa mkono, yenye mtutu mnene wa inchi 22 uliofungwa imara mwilini. Risasi ninayotumia ina uzito wa greni 260, yaani gramu 17 hivi, na hutoka kwa kasi ya futi 1,900 hivi kwa sekunde, wakati slagi ya kawaida ya Foster ya geji 12, ya aunsi moja, yaani gramu 28 hivi, hutoka kwa futi 1,600 hivi. Teke lake ni jepesi zaidi, na hapa ndipo wale waliocheka hawakuelewa: mtu asiyeogopa bega lake hafumbi macho anapofyatua. Geji 12 inaua, sibishi, na mwenye mwili na mazoezi ya kuimudu aitumie kwa amani, hasa ile ya nusu otomatiki inayotumia gesi ya baruti kujipakia yenyewe, kwa kuwa hupunguza teke. Lakini mwanzilishi anayeshtuka kila anapofyatua atamjeruhi mnyama, naye mnyama atakwenda kufia mbali bila kupatikana. Sioni uanaume wowote katika hilo.

Yule dume wa Coshocton alisimama ubavu kwenye ukingo wa shamba la mahindi yaliyovunwa, na kipima umbali kilisoma yadi 112. Nyuma yake kulikuwa na mteremko wa udongo, kwa hiyo nilijua risasi ingeishia wapi. Nilimlenga nyuma ya bega, akakimbia hatua chache akaanguka. Picha niliituma kwa watu wengi, na sioni haya kusema kwamba niliituma nikiwakumbuka wote walioniambia kwamba geji 20 ni ya watoto.

Ndugu zangu, tusinunue bunduki kwa kuogopa midomo ya watu. Wengi wetu hatukulelewa na silaha, na wasomaji wangu wa Kenya wanatoka nchi ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hakuna aibu kuanza na kitu unachokimudu. Mwenye green card anaweza kununua bunduki kihalali baada ya kujaza fomu na kukaguliwa. Aliye kwa viza ya muda aulize kwanza sheria inamruhusu nini, wala asikubali kununuliwa bunduki na rafiki. Vaa rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wakuone. Jifunze, kisha jifunze tena.

Kijana wangu, ukishapata mtutu, nunua boksi moja moja la saboti za kampuni mbili au tatu tofauti, kwa sababu mitutu miwili ya modeli ileile inaweza kupenda risasi tofauti. Nenda uwanjani mwezi wa nane, kabla foleni hazijaanza. Piga ukiwa umekaa na bunduki imeegemezwa vizuri, uuache mtutu upoe kila baada ya risasi, maana kulungu utampiga kwa mtutu baridi na hiyo risasi ya kwanza ndiyo unayotaka kujua inatua wapi. Aina itakayokusanya matundu yake karibu zaidi kwa yadi 100, nunua maboksi yake ya msimu mzima siku hiyohiyo, kwani ikifika mwezi wa kumi na moja rafu huwa tupu, na ukilazimika kubadili aina ya risasi itakupasa kuirekebisha darubini upya.