Usinywe dawa ya mgonjwa mwingine: mwaka wangu wa kutafuta swingi kamili ya gofu

Kama umeanza gofu ukubwani kama mimi, tafadhali soma hii kabla hujalipia video nyingine.

Mi nilianza nikiwa na miaka 34 hapa Dar, na mwaka wa tatu nikafika handikapu 17 (ni mikwaju ya nafuu unayopewa, ikishuka ndo unacheza vizuri), sio mbaya kwa mtu wa Jumamosi tu. Shida yangu ilikuwa moja, slaisi. Mpira unatoka vizuri kabisa, unaenda kama mita mia hivi alafu unaanza kukunja kulia, unakunja, unakunja mpaka vichakani, na wenzangu walishazoea, mpira haujatua bado mtu anasema "weka mwingine". Iliniuma sana hiyo. Ndo nikaamua natafuta swingi kamili, yaani namna ya kuzungusha fimbo, ile safi isiyo na kasoro, na niliitafuta kwa moyo wote, mke wangu na watoto wakishalala mi niko kwenye simu naangalia video mpaka saa saba usiku.

Huko ndo nikakutana na Ben Hogan. Kama humjui, alikuwa mcheza gofu Mmarekani wa Texas, alichukua mataji makubwa 9, na Februari 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi, akavunjika nyonga na mifupa mingine, alafu Juni 1950 akachukua US Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Miezi 16 tu! Mtu wa namna hiyo utaachaje kumsikiliza? Nikaiga mshiko wake, mkono wa kushoto nikauzungusha kuelekea kushoto, kidole gumba kikakaa katikati juu ya mpini, nikapiga hivyo miezi minne bila kukosa. Slaisi ikazidi.

Sasa kitu ambacho sikukijua ni kwamba ugonjwa wa Hogan haukuwa slaisi. Yeye alisumbuliwa miaka na mpira wa kukunja kushoto, uso wa fimbo, ile sehemu inayogonga mpira, ulikuwa unajifunga mapema mno, yaani unageukia kushoto, ndo maana akageuza mkono ili usifunge haraka. Mimi wangu ulikuwa haufungi kabisa, unafika kwenye mpira uko wazi unaangalia kulia, na juu yake nikanywa dawa ya kuuzuia usifunge! Ni kama mtu mwenye presha ya kushuka anakunywa vidonge vya jirani yake mwenye presha ya kupanda, kwa vile jirani kapona.

Na hilo ndo nataka ulishike hata kama mengine utasahau. Kila ushauri wa swingi unaousikia ulianza kama dawa ya mtu fulani. Kiwiko kibane, kichwa kisitikisike, nyonga zitangulie, kila moja ilimponya mtu mwenye kasoro yake, sio lazima iwe yako. Mi nilikusanya zote. Nikaenda kwa kocha mmoja, akaniambia nizungushe mabega zaidi, wa pili akaniambia nipunguze, na wote wawili inawezekana walikuwa sahihi kwa siku walioniona, manake kila nikienda nilikuwa na swingi nyingine. Handikapu ikapanda mpaka 22 na kiuno kikaanza kuuma, kuinama kufunga kamba za viatu ikawa shughuli.

Aliyenitoa huko ni kedi wangu, mzee ambaye alianza kubeba mifuko akiwa mtoto na gofu alijifunzia fimbo moja tu ya kuokota. Siku hiyo nimemsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaniangalia napiga mipira kama kumi alafu akasema, "Kijana wangu, mwaka huu umekuja na swingi nne. Mi najua kukubebea mfuko tu, sijui leo umekuja na ipi." Nikamwambia mzee nisaidie basi.

Akaondoa mipira yote. Tukasogea pembeni pale nyasi zimekwisha udongo uko wazi, akachukua tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, akachora mstari mrefu kama urefu wa mtu, akasema simama mstari uwe katikati ya miguu, piga na aini 7, ile fimbo ya chuma namba 7, udongo utoke mbele ya mstari. Nikapiga kumi nikisogea kidogo kidogo. Saba zilichimba nyuma ya mstari, kuna iliyokuwa nyuma kiganja kizima. Alafu akachuchumaa akaweka kidole kwenye kovu moja la udongo akalifuata taratibu, nikaona kumbe makovu yote yanaelekea kushoto ya pale nilipolenga. Uso unaangalia kulia, fimbo inapita kwenda kushoto, hiyo tofauti ndo inauzungusha mpira ukakunja. Video zote zile hakuna iliyowahi kunionyesha kitu wazi hivyo, manake zilikuwa hazinioni mimi.

Alafu akanirekebisha mkono. Akaugeuza wa kushoto uelekee kulia mpaka nikitazama chini naona vifundo viwili karibu vitatu, na kuhusu nguvu ya kushika akaniambia shika kama unavyomshika mtoto mkono mnavuka barabara, asichomoke, wala asilie.

Fimbo na mpira vinagusana kama nusu ya elfu moja ya sekunde tu. Mpira haujui ulivyopinda kiwiko huko juu, unajua uso uliangalia wapi, fimbo ilipita wapi na kwa kasi gani. Mwangalie Jim Furyk, Mmarekani mwingine wa gofu, swingi yake inapanda inazunguka kitanzi huko nyuma ndo inashuka, hakuna kocha angeichora hivyo, lakini alichukua US Open 2003 na mwaka 2016 akapiga mikwaju 58 kwa raundi moja kwenye mashindano ya PGA Tour, ya wachezaji wa kulipwa Marekani. 2023 nilipanda basi kwenda Nairobi kuangalia Kenya Open pale Muthaiga, nikakaa kwenye uwanja wa mazoezi karibu asubuhi nzima. Kila mchezaji na mtindo wake wa kupandisha fimbo. Wakifika kwenye mpira wanafanana kama ndugu.

Utasema mbona Tiger Woods alibadilisha swingi baada ya kushinda Masters, taji jingine kubwa, mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12? Ni kweli, ila yeye ndo kazi yake, anapiga kila siku na kocha kasimama pembeni. Wewe una Jumamosi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kubadili kitu jua kwanza ugonjwa wako, chora mstari, piga, soma udongo. Ukienda kwa kocha kaa na mmoja angalau miezi mitatu, na kitu cha kwanza umuulize mpira wangu unakunja kwa nini, sio nifanye nini. Badilisha kitu kimoja, mshiko ukiwa wa kwanza, na utausikia mgeni mkononi wiki tatu nne hivi, vumilia usirudi nyuma. Mipira 30 ya kufikiria inatosha, ile ndoo ya 100 mi ndo iliniumiza kiuno. Saivi niko handikapu 15. Mpira wangu bado unakunja kulia kidogo, hatua kama tano, na nikisimama pale pa kuanzia kupiga nalenga kushoto hatua tano.