Vitabu viwili, baruti moja, vipimo tofauti

SWALI: Shikamoo fundi. Najifunza kazi ya mwindaji bingwa kwenye kitalu kimoja huku Manyoni. Mgeni wetu kutoka Marekani hujaza mwenyewe risasi zake za saizi ya .30-06 akiwa kwao, na amenionyesha vitabu viwili vya vipimo. Baruti ni ileile, kichwa cha risasi ni grein 180 (grein ni kizio kidogo cha uzito) kwenye vyote viwili, lakini kiwango cha juu kinapishana kwa karibu grein tatu. Kipi kinasema kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vyote viwili vinasema kweli, na hapo ndipo watu wanapoumia. Namba iliyo kwenye kitabu ni taarifa ya jaribio moja: mtutu fulani, ganda fulani, fataki fulani (kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda), kichwa fulani na kopo fulani la baruti, yote yakipimwa kwenye joto la nyuzi 21 hivi. Badilisha kimoja na presha inabadilika. Grein tatu ni kama gramu 0.2, chembe unazozishika kwa ncha za vidole viwili, lakini ukishafika juu ya kipimo chembe hizo ni nyingi mno.

Anza na kichwa, maana hapo ndipo tofauti nyingi zinapojificha. Grein 180 ni uzito tu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu chenye uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi. Urefu huo unazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti, na shaba yenyewe ni ngumu kuingia kwenye mifuo ya mtutu. Maganda nayo hayalingani: lenye kuta nene lina nafasi ndogo ndani, na baruti ileile humo inapandisha presha. Fataki kali nayo huwasha kwa nguvu zaidi.

Kisha jina la baruti. Soma kopo herufi kwa herufi. IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili tofauti ingawa namba ni moja, na anayechukua kipimo cha hii akakitumia kwa ile anabahatisha. Kinyume chake, H414 na W760 ni baruti moja yenye majina mawili, na bado kuna vitabu vilivyozipa vipimo tofauti, kwa sababu tu zilijaribiwa siku tofauti, kwa mitutu tofauti, kutoka matoleo tofauti ya kiwanda.

Angalia pia kitabu kinafuata kipimo cha nani. Wamarekani wana SAAMI, Wazungu wa Ulaya wana CIP, vyombo vinavyoweka mipaka ya presha. Kwa .30-06 hawaachani sana: SAAMI wanaishia pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, CIP bari 4,050, yaani kama pauni 58,700. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 50,000 kwa risasi hiyohiyo, usidhani siku hizi presha imeongezwa. Zamani walipima kwa kuangalia kipande cha shaba kilivyobonyea, leo wanapima kwa kihisi cha umeme, na namba za njia hizo mbili hazilinganishwi.

Lakini tazama Mauser ya milimita 8. CIP wanairuhusu bari 3,900, karibu pauni 56,500. SAAMI wanaishia 35,000. Sababu ni kwamba mitutu ya kwanza ya Mauser hiyo ilikuwa na tundu jembamba kidogo kuliko ya baadaye, na Wamarekani walihofia mtu atapiga risasi nene kwenye mtutu mwembamba. Tofauti kubwa hivyo, na chanzo chake ni tahadhari juu ya bunduki kuukuu.

Sasa joto la kwetu, ambalo nalo hupandisha presha. Niliwahi kuitwa kambini mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Mgeni alikuwa ameacha risasi alizojaza mwenyewe kwenye dashibodi tangu asubuhi. Alipiga mara mbili, bolti, yaani komeo la bunduki, ikagoma kufunguka hadi ikagongwa kwa kiganja. Nililiokota lile ganda: fataki imebapa kama sarafu, na pembeni mwa kitako duara dogo linalong'aa, shaba ya ganda ilivyosukumwa ndani ya tundu la kitupio, kile kipini cha bolti kinachorusha ganda nje. Alikuwa amefuata kitabu mpaka mwisho wa kipimo, ila kichwa chake kilikuwa cha shaba tupu na kitabu kilijaribu kichwa kingine. Dalili hizo huja zimechelewa, presha ikiwa imeshapita mpaka. Kutoziona si uthibitisho wa usalama.

Kwa hiyo usichague kitabu chenye namba kubwa wala usitafute wastani wa viwili. Kinachofuatwa ni kile kilichojaribu kichwa hichohicho, pamoja na fataki na ganda lake, ukianzia kipimo cha chini na kupanda polepole. Hiyo ni kazi ya mgeni wako huko kwao. Huku kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, usijaribu hata kwa kujifunza.

Wewe muulize kichwa chake ni cha aina gani na kipimo alikitoa ukurasa upi. Risasi zikae kivulini, ndani ya boksi, mbali na dashibodi. Bolti ikianza kuwa nzito hata kidogo, simamisha upigaji na mpe za kiwandani.