Kabla ya kliniki ya pumu: mpelekee daktari habari za usiku

Pumu ya watoto huchosha kwa namna hii: usiku mtoto anakohoa hadi nyumba nzima inakesha, asubuhi mkifika kliniki anakimbiakimbia kwenye foleni. Daktari akimsikiliza kifua, hakuna mlio wowote. Ukisema tu "anakohoa sana", huenda mkarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Binti yangu ana pumu, tunaishi hapa Nakuru, na nimeona kwamba ziara nzuri hutayarishwa wiki mbili tatu mapema.

Nunua daftari dogo la shule. Kila asubuhi andika: aliamka usiku akikohoa? Aliacha kucheza kwa sababu kifua kimembana? Alitumia inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, mara ngapi? Hili la mwisho lina uzito sana. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijatulia, na daktari anapaswa kujua. Kisha andika kilichotangulia: mafua, vumbi la Januari na Februari, baridi ya Julai, dawa ya mbu ya kuchoma. Daftari letu ndilo lililoonyesha kwamba kifua humbana kila akirudi kutoka kwa nyanya yake huko Bahati, ambako moshi wa kuni huingia hadi chumba wanacholala watoto. Tangu hapo nyanya humlaza chumba cha mbele.

Kifua kikibana, mpe dawa kwanza, halafu mtu mwingine achukue video kwa simu. Shati liwe limevuliwa, taa iwe inawaka. Ngozi inayoingia ndani katikati ya mbavu na ule mlio wa filimbi anapotoa pumzi humweleza daktari mengi kuliko maneno yetu. Lakini mtoto akishindwa kuongea au kunyonya, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Siku yenyewe beba dawa zote anazotumia, hata makopo matupu, hata za maji mlizonunua kwenye kemisti, hata mitishamba. Usione haya. Beba pia speisa, ile chupa ya kuvutia dawa. Kama hamna, uliza kuhusu ya kutengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Wakuonyeshe jinsi ya kuitoboa ili inhela ikae bila kuvuja. Omba mtoto atumie inhela hapo hapo, daktari akitazama. Kutikisa kopo, kubonyeza mara moja, kuvuta pumzi polepole, ndipo kubonyeza tena: hapo ndipo dawa nyingi hupotea. Akitumia ile ya kila siku ya kuzuia, ambayo kwa kawaida huwa ya kahawia, asukutue mdomo, maana inaweza kumletea utando mweupe.

Ukiweza, nenda na anayeshinda na mtoto mchana, awe yaya au nyanya. Wengi wanaogopa kwamba mtoto "atazoea inhela", na ukigeuka wanaificha. Muulize daktari swali hilo mbele yao. Jibu la daktari litawatuliza kuliko mabishano yenu jikoni.

Omba pia maagizo yaandikwe kwenye karatasi: dawa ya kila siku, dawa ya kifua kikibana, na wakati wa kukimbilia hospitali. Toa nakala ya mwalimu, na mkubaliane inhela ya shule itawekwa wapi, isiwe ofisi inayofungwa wakati wa michezo.

Kabla hamjainuka, pigeni hesabu ya dawa. Makopo mengi yana dozi 200. Akitumia mbili asubuhi na mbili jioni, kopo litakwisha siku ya 50, ingawa bado litatoa hewa ukilibonyeza. Kama tarehe mliyopewa ni baada ya miezi mitatu, mwambieni daktari papo hapo, awaandikie kopo la pili.