Kuchora data huria zilizounganishwa: programu ipi kwa kazi ipi?

Mwalimu, nataka ramani ya volkano za Kongo kutoka Wikidata, ile hifadhi huria ya data zilizounganishwa. Nisakinishe programu gani? (Mwanafunzi, Ndosho, Goma)

Usisakinishe kitu kwanza. Ukurasa wa maswali wa Wikidata, query.wikidata.org, unachora wenyewe. Juu ya swali lako la SPARQL, yaani lugha ya kuulizia data hizo, andika #defaultView:Map, kisha omba P625, yaani mahali kitu kilipo, na nukta zitatua kwenye ramani. Mtego uko kwenye aina. Volkano nyingine zimeandikwa kuwa stratovolkano, kwa hiyo ukiuliza wdt:P31 wd:Q8072 (P31 ni "ni aina ya", Q8072 ni volkano) peke yake utapata ramani yenye mapengo na kudhani Wikidata ndiyo maskini. Andika wdt:P31/wdt:P279* wd:Q8072 (P279 ni "aina ndogo ya"), na aina ndogo zote zitaingia. Nchi ni wdt:P17 wd:Q974, yaani Kongo. Kama Nyiragongo, unaouona kila asubuhi ukitoka nyumbani, haumo kwenye ramani, kagua swali lako kabla ya kulaumu programu.

Kwa nini napata Q na tarakimu badala ya majina? (Msomaji, Himbi)

Kwenye mstari wa lebo, yaani majina, wa swali lako panga lugha hivi: "sw,fr,en". Jina la Kiswahili likikosekana, litakuja la Kifaransa. Na lile la Kiswahili liongeze mwenyewe, Wikidata inaruhusu.

Nina jedwali la makampuni ya madini na wanahisa wao. Nichoree wapi? (Msomaji, Lubumbashi)

Gephi, bila kusita. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako na haili mega. Bila programu-jalizi haisomi RDF, muundo wa data zilizounganishwa, lakini hilo lisikusumbue: ipe faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, yenye safu mbili, Source na Target, mwanahisa huku na kampuni kule. Mistari iwe na mwelekeo, maana kumiliki si urafiki. Ukipakua data za nyongeza kutoka Wikidata, omba na lebo, la sivyo safu zako zitajaa anwani ndefu za wavuti. Endesha ForceAtlas 2, mpangilio uliomo ndani ya Gephi, subiri nukta zitulie, halafu kuza kila nukta kulingana na idadi ya mistari inayotoka kwake. Hapo mwenye mkono kila mahali hajifichi tena.

Tafadhali, usichapishe nukta elfu tano kwa mara moja. Picha kama hiyo ni wavu wa sambaza uliosokotana, hakuna atakayeusoma. Chuja kwanza, hata kama inauma kufuta.

Profesa wetu anasifu RelFinder. (Mwanafunzi, Bukavu)

Wazo lake zuri: unaipa vitu viwili, inatafuta njia kati yao. Ila toleo la zamani lilitegemea Flash, programu-jalizi ya vivinjari ambayo Adobe iliiacha mwisho wa 2020. Ukitaka kuwaonyesha wenzako jinsi kitu kimoja kinavyoongoza kwa kingine, jaribu LodLive, inayofungua duara moja baada ya jingine.

Na takwimu za kituo chetu cha afya? Sitaki zitoke nje. (Mama mmoja, Ibanda)

Mama, una haki. RAWGraphs inachora ndani ya kivinjari chako bila kutuma jedwali kwenye seva. Hata hivyo, futa majina ya wagonjwa kabla ya kuanza. Kwa ramani ya zoni za afya tumia QGIS: inafungua CSV yenye latitudo na longitudo, tena bila intaneti.